Sabufa ndani ya Celica, na madumu ya mawese bado yanaingia

Doa bado lipo kwenye siti ya nyuma, rangi ya chungwa, na hakuna sabuni iliyoliweza. Dumu la mawese lilipinduka tukiwa tumeiacha Uvinza, tunaelekea Malagarasi, namletea mama mkwe zawadi Tabora. Dumu halikuwa na kosa. Lilikaa kwenye siti kwa sababu buti lilishapata mwenyewe: boksi la sabufa ya inchi 12, limejaa kutoka kwenye taa hadi mgongo wa siti, na gunia la dagaa limelazwa juu yake likigusa kioo. Tulipofika, mama mkwe alipokea mawese yaliyosalia, akachungulia ndani ya gari, akauliza taratibu, "Mkwe wangu, hiyo redio ndiyo inayowalisha huko Kigoma?"

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya kizazi cha saba, zile zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2006: milango miwili, pua ya kuchongoka, na mlango wa nyuma unaonyanyuka pamoja na kioo chake. Ni gari la spoti, lakini hapa Mwanga, Kigoma, gari la mtu mmoja ni gari la ukoo, na buti lake lina majukumu. Kwa hiyo swali ambalo vijana huulizana kijiweni, kama sabufa inaweza kuingia bila kula buti, kwangu lilikuwa la amani ya nyumba.

Fundi aliyenifungia boksi la kwanza alikuwa na msimamo: bila boksi kubwa hakuna besi. Alisema kweli nusu. Nusu ya pili nilikuja kuielewa baadaye, na ndiyo hii ninayotaka kuieleza. Besi hununuliwa kwa lita za hewa. Lita hizo hazikwepeki, lakini unaweza kuzipunguza kuliko mafundi wengi wanavyokubali, na unaweza kuzitoa mahali ambapo gunia halikai hata ukilisukuma.

Ukitaka kuona kazi ya boksi, chukua sabufa tupu, iweke sakafuni, iunganishe. Koni, ule uso wa spika unaocheza, itaenda mbele na nyuma mpaka uogope itachanika, lakini mdundo hausikiki. Koni inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Mgandamizo wa mbele unazunguka ukingo wa spika, unakutana na upungufu wa nyuma, vinafutana. Sauti nyembamba hazidhuriki sana kwa mchezo huo kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Wimbi la besi ni kitu kingine kabisa. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo mdundo wa mitetemo 40 kwa sekunde, yaani Hz 40, una wimbi la mita 8.6. Wimbi lenye urefu huo linauzunguka ukingo wa spika kama maji yanavyozunguka jiwe. Kazi ya kwanza ya boksi, basi, ni ukuta: kinachotoka nyuma ya koni kibaki nyuma.

Kazi ya pili ndiyo inayokula nafasi. Hewa iliyofungiwa ni springi. Funga mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, sukuma, utaihisi ikikurudisha. Hewa ikiwa kidogo, springi inakuwa ngumu; na springi ngumu haipendi mwendo wa polepole, yaani besi ya chini. Mmarekani Edgar Villchur aliigeuza tabia hiyo kuwa faida mwaka 1954: aliifanya koni yenyewe iwe laini sana, kisha akaiacha hewa ya boksi dogo lililozibwa iwe ndiyo springi yake. Kabla ya hapo, spika ya nyumbani yenye besi ya maana ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo.

Mwenzake wa zama hizohizo, Josef Anton Hofmann, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya KLH mwaka 1957, ndiye anayetajwa kwa ile kanuni inayoitwa ya chuma. Kuna mambo matatu unayoyataka: boksi dogo, besi inayoshuka chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Utapewa mawili. La tatu utalilipia. (Baba yake alikuwa mpiga piano maarufu, Josef Hofmann, ambaye pia alikuwa na hataza za shokapu za magari. Kwa barabara tulizozijua huku kwetu, sijui tumshukuru zaidi baba au mwana.)

Mtu anayetaka kubaki na buti lake ameshachagua: boksi dogo na besi ya chini. Kwa hiyo atalipa kwa umeme. Zamani malipo hayo yalikuwa mazito. Siku hizi amplifaya ya wati 250 za kweli inatosha chini ya siti, na ndiyo maana boksi la lita 55 nililofungiwa lilikuwa jibu la swali la zamani.

Sasa, lita ngapi? Hapa kuna karatasi inayokuja ndani ya katoni ya sabufa ambayo wengi huitupa pamoja na katoni. Ina namba tatu zenye thamani: Fs, Qts na Vas. Tunazo kwa kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyeandika mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Fs ni mtetemo ambao koni inaupenda ikiwa haijafungwa popote. Qts inaeleza jinsi sumaku na mpira wa ukingoni vinavyoizuia koni isiyumbeyumbe. Vas ni kiasi cha hewa chenye ugumu sawa na ugumu wa koni yenyewe, kwa lita.

Chukua sabufa ya inchi 10 yenye Fs 28, Qts 0.5 na Vas 20. Boksi lililozibwa linalotoa besi iliyonyooka kuliko yote, lisilovimbisha wala kukausha, ni lile linalofikisha Q ya mfumo mzima (kipimo kilekile cha kuzuiwa, sasa kwa sabufa ikiwa ndani ya boksi) kwenye 0.707. Hesabu yake: gawa 0.707 kwa Qts, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha igawe Vas kwa kilichobaki. Kwa mfano wetu 0.707 kwa 0.5 ni 1.414, mara yenyewe ni 2, toa 1 inabaki 1, basi boksi ni lita 20. Dumu moja la mawese. Na mtetemo wa mfumo mzima utakaa kwenye 28 mara 1.414, karibu Hz 40.

Je, Hz 40 ni chini kiasi gani? Huku kwetu, ambako Kongo iko ng'ambo ya ziwa na rumba haihitaji pasipoti, kipimo ni gitaa la besi. Waya wake mnene kuliko zote hutoa Hz 41. Sebene lote, pamoja na kishindo cha ngoma ya mguu kinachokaa zaidi kati ya Hz 50 na 100, viko juu ya hapo. Amapiano hupenda kushuka zaidi, lakini uzito wake mwingi nao uko maeneo hayohayo.

Tuendelee kubana. Sabufa ileile tuiweke kwenye lita 10, nusu dumu. Mtetemo unapanda hadi Hz 48 au 49, na Q inafika 0.87, yaani kunakuwa na kauvimbe kadogo ka sauti ambako hata kipimo huhangaika kukaonyesha. Umekata nusu ya boksi, umepoteza Hz 8 au 9. Mimi nilipoona hesabu hiyo niliirudia mara tatu kwa kalamu, nikidhani nimekosea. Kwa sababu fundi wangu alinifanya niamini kwamba kila lita inayopungua ni maafa.

Na bado gari halijaingia kwenye hesabu. Uwanjani, koni ikitaka kutoa sauti yenye nguvu ileile kwa mtetemo ulio nusu, lazima isafiri mara nne zaidi. Ndiyo sababu sabufa za harusi za nje huwa nyingi na kubwa. Ndani ya gari lililofungwa mambo hugeuka. Mara wimbi linapokuwa refu kiasi kwamba nusu yake haienei tena ndani ya chumba, hakuna wimbi linalosafiri. Koni inakuwa pistoni inayobana na kuachia hewa yote ya gari kwa pamoja. Kwa chumba chenye urefu wa mita 2.5 jambo hilo huanza karibu Hz 70. Kutoka hapo kwenda chini, shinikizo hutegemea tu koni imesogea kiasi gani, na chumba kinakusaidia kwa kadiri ya desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila mtetemo unaposhuka kwa nusu. Boksi lililozibwa nalo hupoteza desibeli 12 kwa kadiri hiyohiyo chini ya mtetemo wake. Kinachopotea kwenye boksi kinarudishwa na chumba.

Kwenye gari halisi haiwi safi hivyo, maana bati hutetemeka, mipira ya milango huvuja, na kioo kikishushwa shinikizo linatoka nje. Jaribu mwenyewe: piga wimbo wenye besi nzito, shusha kioo kimoja, usikilize chini kunavyopwaya. Lakini msaada upo, na gari dogo lenye paa la chini huanza kuupata mapema kuliko basi dogo. Gari la spoti, ambalo kila mtu hulionea huruma kwa kukosa nafasi, ndilo linalohitaji boksi dogo.

Celica ina bahati nyingine. Buti lake na chumba cha abiria ni kitu kimoja, kwa hiyo sauti haina ukuta wa kupenya. Mwenye Altezza au gari jingine lenye buti lililojitenga ana kazi zaidi, maana besi inapita kwenye bati, sponji ya siti na vitundu vya spika za nyuma kabla ya kumfikia. Yeye, kwa upande wake, ana njia ambayo mimi sina: kuifunga sabufa moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma ya siti na kulitumia buti lote kama boksi, bila boksi. Inataka sabufa yenye Qts kubwa kidogo, 0.6 kwenda juu, na uzibaji wa kila tundu kati ya buti na chumba. Buti linabaki tupu kwa gunia, ila gunia lisikandamize sumaku.

Boksi lenye tundu nililipa kisogo, na si kwa chuki. Tundu lile hufanya kazi kama chupa ya soda unayoipuliza mdomoni: hewa ya shingoni inacheza juu ya hewa ya tumboni, na kwenye mtetemo mmoja uliolengwa vinasaidiana na koni hadi sauti inaongezeka sana. Bei yake ni nafasi, mara nyingi maradufu ya boksi lililozibwa kwa sabufa hiyohiyo. Chini ya mtetemo huo koni inakosa springi, inapiga makasia hewani, na usipoweka kichujio cha kuzuia mitetemo ya chini kabisa utaivunja. Anayeshindana kupiga kelele stendi, hilo ndilo lake.

Basi lita zitoke wapi? Kuna ukweli mmoja unaotupa uhuru: chini ya Hz 80 sikio halijui sauti inatoka upande gani. Wimbi lina zaidi ya mita 4 na masikio yetu yameachana kwa sentimita zisizofika 20, kwa hiyo yote mawili yanapata habari ileile. Sabufa inaweza kufichwa popote, mradi isiimbe sauti za juu ya hapo.

Niliangalia kwanza chini ya siti. Kuna sabufa za inchi 8 zilizo na amplifaya yake ndani, kasha la alumini lenye unene wa sentimita 7 hivi. Ni suluhisho la siku moja na halikuhitaji fundi wa mbao. Tatizo la gari la spoti ni kwamba siti inakaribia sakafu. Nilipoisogeza yangu mbele na nyuma nikiwa na rula, mahali pengine ilibaki sentimita 5. Halafu inchi 8 ina eneo la koni la kama sentimita za mraba 215, wakati inchi 10 ina kama 340. Kinachokosekana kwenye eneo lazima kilipwe kwa safari ndefu ya koni, na kasha jembamba halina safari ndefu. Kwa anayesikiliza kwa kiasi, inatosha.

Kisha shimo la tairi la spea. Wapo wanaotoa tairi na kuweka boksi humo. Mtu anayeishi mjini na kulala mjini anaweza kufanya hivyo. Mimi ninayepita Malagarasi usiku sitamshauri hata adui. Zipo pia sabufa za mviringo zinazokaa ndani ya rimu ya spea, na JBL wana moja ya inchi 11 iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Wazo zuri, ila pancha ikitokea unaanza kwa kufungua muziki, gizani, huku umeshika tochi kwa meno.

Kilichobaki ni mifuko ya pembeni. Toa ile plastiki iliyofunika ubavu wa buti, nyuma ya tairi, utakuta pango kati ya plastiki na bati la nje. Haliingii dumu, haliingii begi, limekaa bure tangu gari lilipotoka kiwandani. Lina umbo la ajabu, limejikunja kama ini, na hakuna boksi la mbao litakalokaa humo. Hapa ndipo faiba inapoingia, na hapa Kigoma ndipo nilipobahatika. Ni mji wa boti; niliyemwendea ni mzee wa Kibirizi anayeziba na kutengeneza vyombo, hajawahi kufunga sabufa maisha yake. Nilipomweleza alicheka. "Kwa hiyo unataka boti lisiloingiza hewa badala ya maji." Sijasikia maelezo bora zaidi ya boksi la sabufa.

Kazi ilikwenda hivi. Tulifunika bati lote kwa tepu ya karatasi, tukapaka nta ili ganda lisigande, tukalaza vipande vya kitambaa cha faiba na kuvilowesha kwa resini, tabaka mbili. Lilipokauka tulilitoa, ganda limebeba kila kona ya gari, tukaongeza tabaka nje hadi unene ukafika milimita 6. Hadna, dawa inayoifanya resini igande, ni asilimia 1 hadi 2 ya resini. Kwa jua la mchana la huku tulikaa kwenye 1, la sivyo inaganda ndani ya ndoo kabla hujachovya brashi. Vaa miwani na glavu, maana tone moja la hadna linaweza kuharibu jicho, na usiichanganye kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha resini, kwani mchanganyiko huo hulipuka. Uso wa mbele ambapo spika hufungwa ulikuwa plaiwudi ya milimita 18. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni tulivu zaidi kwa sauti, lakini ni nzito, na ikionja maji huvimba kama andazi. Gari langu hubeba samaki.

Umbo lile halipimiki kwa rula. Tulimimina maharage ya Kasulu ndani yake kwa sado, ile kopo ya lita 4 ambayo kila muuzaji sokoni anayo. Ziliingia sado nne pungufu ya lita moja: lita 15. Toa kama lita moja inayochukuliwa na mwili wa sabufa, inabaki 14. Rudi kwenye hesabu: mtetemo Hz 44, Q 0.78. Nikajaza ndani pamba ya polista, ile ya mito, bila kuishindilia. Nyuzi zake hunyonya joto la hewa inapobanwa na kulirudisha inapoachiwa, kwa hiyo springi inalainika na koni hudhani iko kwenye boksi kubwa zaidi, kama asilimia 10 au 15. Sabufa lazima iwe ya mwili mfupi, yenye kina cha sentimita 8, na mbele yake kuwe na wavu wa chuma, kwa sababu mtoto atakayeegemeza jembe kwenye koni hajazaliwa, lakini atazaliwa.

Umeme sitauongelea sana, ila mambo mawili yameunguza magari. Wati 1200 zilizochapishwa kwenye katoni ni za sekunde moja ya ndoto; tafuta zilizoandikwa RMS, yaani zile amplifaya inazoweza kuzitoa mfululizo. Wati 250 za RMS, kwa amplifaya ya daraja D inayotumia vizuri asilimia 80, zinavuta kama ampea 23 kwenye volti 13.8. Za daraja AB zitavuta 33 au zaidi kwa sauti hiyohiyo na kutoa joto la bure, kwa hiyo kwenye gari dogo nachagua D. Waya uwe wa shaba, milimita za mraba 10. Ule wa aluminiamu uliopakwa shaba hupitisha karibu theluthi mbili tu ya unachodhani. Na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya. Ikiwekwa nyuma karibu na amplifaya, mita 4 za waya zinabaki uchi dhidi ya bati lolote litakalozikwangua.

Kichujio cha kuzuia sauti za juu zisifike kwenye sabufa nilikiweka Hz 80. Kitasa cha geni si cha sauti, ingawa kila kijana hukipeleka mwisho. Kinalinganisha redio na amplifaya, na kikizidi kinakata vichwa vya mawimbi na kuunguza koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni. Baada ya hapo, geuza waya za sabufa, chanya iende hasi, ukae kwenye siti ya dereva wimbo uleule ukilia. Upande mmoja besi itajaa, upande mwingine itakonda, kwa sababu sabufa na spika za mlangoni zinapingana. Bakia na uliojaa, bila kujali rangi za waya zinasemaje.

Safari ya mwisho kwenda Tabora buti lilibeba madumu mawili na gunia la dagaa, na tulirudi na asali. Ubavu mwingine nimeuachia jeki na spana. Kinachonisumbua hadi sasa ni pleti namba ya nyuma, ambayo karibu na Hz 50 huanza kuimba wimbo wake yenyewe. Nimebandika sponji nyuma yake mara mbili, na mara zote mbili mvua ya Uvinza imeiondoa.